Mti ulionilipia ada umedhuru ini la panya. Niandike au ninyamaze?

Mama, shikamoo.

Nina miaka 33, ni mhadhiri msaidizi wa famakolojia katika chuo kimoja hapa Dodoma ambacho naomba nisikitaje. Niko mwaka wa nne wa shahada ya uzamivu, na nina jambo ambalo siwezi kulisema chuoni wala nyumbani, maana kote kuna mtu litakayemuumiza.

Kwetu ni Mpwapwa. Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, ni mganga wa mitishamba. Hapigi ramli, ni mtu wa mizizi na magome, kazi aliyorithi kwa babu yake. Ana mti mmoja wa kutibu ugonjwa wa sukari. Watu wanamfuata kutoka Kongwa, Kibaigwa hadi Gairo, na siku za mnada anakaa chini ya mwembe na vifurushi vyake tangu alfajiri. Baba alipofariki nikiwa darasa la sita, mjomba alimwambia mama, "Huyu sasa ni wangu." Ada ya sekondari, sare, nauli, hata koti jeupe la kwanza la maabara, vyote vilitoka kwenye mizizi ya mti ule.

Nilipotafuta mada ya utafiti nilikwenda kwake nikapiga magoti. Akasema, "Chukua, mwanangu. Wasomi nao waone kwamba sisi si waongo." Akanipeleka porini mwenyewe. Akanionyesha mizizi ya kuchimba na ya kuacha ili mti usife.

Mizizi niliikausha kivulini, nikaisaga, nikailoweka kwenye ethanoli ya asilimia 80 kwa saa 72, nikachuja na kuvukiza mpaka likabaki dondoo zito la rangi ya kahawa. Panya niliwasababishia sukari kwa kemikali iitwayo alloksani, kisha nikawapa dondoo kwa siku 28: miligramu 250, 500 na 1,000 kwa kila kilo ya uzito. Nilikuwa pia na makundi ya panya wazima, wasio na sukari, waliopewa viwango vilevile.

Sukari ilishuka, Mama. Kwenye kiwango cha 500 ilishuka vizuri kabisa. Nilitoka nje ya maabara nikalia kwa furaha, nikampigia mjomba palepale.

Wiki mbili baadaye yakaja majibu ya damu na ya ini. Panya wa kiwango cha 1,000 vimeng'enya vyao vya ini vimepanda, ambayo ni dalili ya ini kuumia, na slaidi zinaonyesha seli zilizokufa kuzunguka mishipa. Hata wale wazima. Nilirudia kusoma slaidi bila kuangalia namba za makundi, fundi sanifu wetu naye akasoma kivyake. Tulipolinganisha, majibu yalikuwa yaleyale.

Msimamizi wangu si mtu mbaya. Amenipigania nikapata ruhusa ya masomo, na kuna mwezi alilipia chakula cha panya kwa fedha yake. Nilipomwonyesha alinyamaza kidogo, akasema, "La ini liweke pembeni, tutaliandika baadaye. Makala hii iwe ya sukari tu." Nikamwuliza, "Baadaye lini?" Akanikumbusha kwamba chuo hakipokei tasnifu bila makala moja iliyokubaliwa na jarida, kwamba ruhusa yangu ya masomo inaisha Desemba, na kwamba bila shahada hii nitabaki mhadhiri msaidizi huku niliowafundisha wakinipita.

Mjomba naye anapiga simu kila Jumapili: "Vipi, wameukubali mti wetu?" Mwezi uliopita mama aliniambia kwamba mjomba ameshaagiza lebo mpya za vifurushi. Zimeandikwa: Imefanyiwa utafiti chuo kikuu.

Nikiandika yote, nitakuwa nimempiga mjomba kwa fimbo aliyonichongea mwenyewe. Nikinyamaza, kila nikipita mnadani nitaangalia macho ya wateja wake kama yamekuwa ya njano. Nifanyeje?

Mpwa wa Mganga, Dodoma

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Nianze na lile ambalo sitalizungusha: ini linaingia kwenye makala. Sukari na ini viende pamoja, kwenye makala ileile, na hata muhtasari utaje vyote viwili. Jina lako lisitokee kwenye makala isiyo na ini.

Nasema hivi kwa sababu na mimi niliwahi kuwa na panya wangu. Nilifundisha famakolojia miaka mingi kabla ya kustaafu, na nilipokuwa kijana kwenye shahada ya uzamili, panya wawili walinifia wiki ya tatu. Aliyekuwa akinisimamia alisema ni homa ya mapafu tu, maabara ilikuwa na baridi. Sikuwapasua. Niliandika kwamba walikufa kwa sababu zisizohusiana na dawa, nikapita, nikapongezwa. Miaka kumi na kitu baadaye alinijia mwanafunzi wa chuo kingine, ameshika andiko langu mkononi, anauliza kwa heshima zote kwa nini panya wake wanakufa wiki ya tatu. Yule kijana alikuwa amepoteza mwaka mzima na fedha ya mkopo. Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu jibu nililitupa pamoja na wale panya wawili. Jambo hilo bado linaniuma.

Wewe umefanya ambacho mimi sikukifanya. Uliweka panya wazima. Bila hao, mtu yeyote angesema ini limeharibiwa na alloksani, na ingekuwa hoja yenye nguvu, maana alloksani hudhuru ini pia. Ukasoma slaidi bila kujua zimetoka kundi gani. Hiyo ni kazi ya mtafiti aliyekomaa, na nataka uijue thamani yake kabla hujaanza kuililia.

Maana naona umeshajiaminisha kwamba sukari ndiyo mafanikio yako na ini ndilo balaa lako. Katika fani yetu haiko hivyo. Frances Kelsey, mzaliwa wa Kanada, alipata shahada yake ya uzamivu ya famakolojia Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1938. Akiwa mwanafunzi pale alishiriki kazi ya kutafuta kilichowaua Wamarekani zaidi ya 100 mwaka 1937, wakiwamo watoto, baada ya kunywa dawa ya maji ya salfa. Ilibainika kuwa dawa yenyewe haikuwa na kosa. Sumu ilikuwa kile kimiminika kitamu walichoiyeyushia. Mwaka 1960 aliajiriwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, na kati ya majalada ya kwanza kuwekwa mezani kwake lilikuwamo la thalidomidi, dawa ya usingizi iliyokuwa ikiuzwa tayari Ulaya na wajawazito wakiinywa kwa kichefuchefu. Alisoma, akaona ushahidi wa usalama hautoshi, akauomba zaidi. Kampuni iliyotaka kuiuza Marekani ikarudi tena na tena, ikalalamika kwa wakubwa wake. Akazidi kuomba ushahidi. Mwishoni mwa 1961 ikajulikana kwamba dawa ile inaharibu viungo vya watoto tumboni. Duniani walizaliwa zaidi ya 10,000 wenye ulemavu huo. Marekani waliathirika wachache sana, kwa sababu mwanamke mmoja alikataa kutia saini. Mwaka 1962 Rais Kennedy alimpa nishani. Hakugundua dawa hata moja ya kumpatia umaarufu ule. Umaarufu wake ulitokana na swali alilokataa kuliacha.

Sasa tuje kwenye mti wenu, maana hapa kuna mengi kuliko unavyodhani, na nadhani hofu imekuzuia kuyaona.

Wewe uliloweka kwenye ethanoli ya asilimia 80. Mjomba anafanyaje? Hukuniandikia, na nakushangaa kidogo kwa hilo. Waganga wengi wa kwetu huchemsha kwa maji. Wengine huloweka usiku kucha, wengine hutia kwenye uji au maziwa. Ethanoli huvuta vitu ambavyo maji hayavuti, na moto huharibu vingine. Dondoo lako na dawa ya mjomba zinaweza kuwa dawa mbili tofauti zilizotoka kwenye mzizi mmoja. Mama Tu Youyou wa China alikwama hapohapo. Mmea wake wa malaria ulikuwa ukifanya kazi leo na kesho haufanyi, mpaka aliposoma maelezo ya tabibu Ge Hong wa karne ya nne yaliyosema mmea ulowekwe kwenye maji na kukamuliwa. Kuchemsha hakukutajwa popote. Akaacha joto kali, akatumia etha inayochemka kwa joto dogo, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikaua vimelea vyote kwenye panya. Dawa mseto ya malaria tuliyoanza kuitumia Tanzania mwaka 2006 inatokana na kazi ile, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Alirudi kusikiliza namna mganga wa kale alivyotengeneza dawa yake. Wewe mganga wako yuko hai, yuko Mpwapwa, na anakupigia simu kila Jumapili.

La pili ni kiwango. Miligramu 1,000 kwa kilo ya panya si miligramu 1,000 kwa kilo ya mtu. Unajua hesabu yake: zidisha kwa sita, gawanya kwa 37. Unapata kama miligramu 162 kwa kilo, yaani kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 9.7 za dondoo kavu kwa siku. Kiwango cha 500, ambacho kwa barua yako hakikudhuru, ni karibu gramu 4.9 kwa mtu huyohuyo. Kanuni ya wanaoanza majaribio kwa binadamu ni kugawanya kwa kumi zaidi kwa ajili ya usalama, ukabaki na nusu gramu hivi. Swali linakuwa jepesi kulitamka: glasi moja ya mjomba ina gramu ngapi za dondoo?

Hilo hulijui, na hakuna makala itakayokuambia. Nenda ukapime. Mwombe mjomba atengeneze dawa mbele yako kama anavyomtengenezea mgonjwa, kwa sufuria yake na kijiko chake. Fanya hivyo mara tano, siku tofauti, kwa sababu mkono wa mtu si mizani. Chukua kila glasi, kausha, pima uzito. Ni kazi ya wiki moja na haihitaji panya hata mmoja. Ukikuta nusu gramu au chini, una jambo la kumwambia mjomba ambalo si msiba. Ukikuta gramu mbili, tatu, mnadani pafungwe siku hiyohiyo. Na usijidanganye na namba nzuri: panya wako walikunywa siku 28, wateja wa mjomba wanakunywa miezi na miaka, na wengi wanachanganya na metformini, dawa ya sukari ya hospitali. Panya wako hawakuchanganya.

Nimeitaja metformini kwa makusudi. Kuna mmea wa Ulaya unaitwa Galega officinalis, watu wa vijijini waliutumia tangu zamani, na wafugaji waliuogopa kwa sababu kondoo waliokula mwingi walikufa. Ndani yake kulikuwa na galegini, iliyoshusha sukari kweli. Walipoijaribu kwa wagonjwa miaka ya 1920, ikaonekana ina sumu mno. Ingekuwa mwisho wa habari. Lakini kwa kuwa ushushaji sukari na ile sumu vyote viliandikwa, wakemia walijua wanatafuta nini: kitu cha ukoo huo, kisicho na ukali huo. Metformini ilikuwa imeshatengenezwa Dublin mwaka 1922, na mwaka 1957 daktari Jean Sterne wa Paris akachapisha habari za kuitumia kwa wagonjwa wa sukari. Leo ndiyo dawa ya kwanza kuandikiwa mtu wa sukari ya aina ya pili karibu kila kliniki, na ya Mpwapwa ikiwamo.

Kwa hiyo ile unayoiona kama aibu ya mti wenu ndiyo swali lako la miaka kumi ijayo. Kinachoshusha sukari na kinachochoma ini ni kitu kimoja, au ni viwili vinavyoweza kutenganishwa? Anza kugawanya dondoo kwa vimumunyisho tofauti, pima kila sehemu kwa sukari na kwa ini. Nimeona watu wakipanda mpaka uprofesa kwa maswali madogo kuliko hilo. Lakini huwezi kuliuliza hadharani kama umeficha nusu yake.

Kuhusu msimamizi wako. Nimefurahi umesema si mtu mbaya, kwa sababu nami sioni mtu mbaya kwenye barua yako. Naona mtu aliyechoka, mwenye wanafunzi wengi na fomu za kujaza, anayetaka umalize. Usimwendee kwa mashtaka. Mwendee na makala imeshaandikwa, ini likiwa ndani, mahali pake, bila kukuzwa wala kupunguzwa. Mwambie hivi: "Profesa, nimejaribu kuitenga, imenishinda. Mhakiki wa kwanza wa jarida atauliza vimeng'enya vya ini viko wapi, kwa sababu tafiti nyingi za sukari za siku 28 huvipima. Tukisema hatukupima tutakuwa tumesema uongo, na slaidi zipo kabatini." Hiyo ni hoja ya kumlinda yeye pia. Kanuni za wahariri wa majarida ya tiba zinataka kila aliyeweka jina awajibike kwa kazi nzima; akiulizwa baada ya miaka mitano, hatasema ni ya mwanafunzi. Kumbuka pia kibali cha maadili mlichopewa kinawadai taarifa ya madhara. Panya wale walikufa kwa kibali.

Mazungumzo hayo yafuate kwa barua pepe fupi yenye adabu: "Kama tulivyozungumza leo, naambatanisha makala yenye matokeo ya sukari na ya ini." Tunza nakala ya data ghafi, na kurasa za daftari la maabara zipige picha zenye tarehe. Akikataa kabisa, nenda kwa mratibu wa masomo ya uzamili uombe ushauri, ukiwa na makala na daftari, bila maneno makali juu ya mtu.

Sitakuficha gharama. Inawezekana Desemba ikapita. Inawezekana ukaomba nyongeza ya miezi sita, ukarudi kufundisha vipindi vingi huku ukiandika usiku, na ukawapigia makofi kwenye mahafali wale uliowafundisha wewe. Inauma, najua. Ila jambo moja usilifanye kwa haraka ya Desemba: kuna majarida yatakayokutumia barua pepe yakikuahidi kuchapisha ndani ya siku tano kwa malipo. Jarida lisilohakiki litachukua fedha yako na mti wa mjomba wako, na kamati ya kupandisha vyeo ikilichunguza hutapata alama hata moja.

Fikiria pia ile makala ya sukari peke yake ingefanya nini nje ya chuo. Mwandishi mmoja wa habari angeiona, kesho yake kichwa cha habari: dawa ya sukari yapatikana Mpwapwa. Una umri wa kukumbuka mwaka 2011, foleni za magari kwenda Samunge kule Loliondo kunywa kikombe, na wagonjwa waliotoka vitandani hospitalini kwenda huko, wengine wakiacha dozi zao. Watu waliokata tamaa hawasubiri makala ya pili. Ile "baadaye" ya profesa wako ingewakuta wameshakunywa.

Sasa mjomba. Hapa nimekaa muda mrefu zaidi ya kokote.

Usimpigie simu. Na asijue kutoka kwa mtu mwingine, wala kutoka kwenye jarida. Nenda Mpwapwa Jumamosi, umchukue na mama yako, kwa kuwa ni dada yake na ndiye aliyepokea fadhila hiyo pamoja nawe. Kompyuta iache Dodoma. Amkia, kula, ulizia mifugo na mvua. Kisha mwombe akufundishe tena: dawa inapikwaje, kiasi gani, nani humpa na nani humnyima. Sikiliza hasa hilo la mwisho. Waganga wazuri wana miiko, na mara nyingi mwiko ni onyo la madhara lililovaa nguo nyingine. Huenda atakuambia wajawazito hawapi, au mtu akinywa mwezi anapumzika mwezi. Ikiwa hivyo, babu yake alijua jambo ambalo wewe umelithibitisha kwa hadubini, na umwambie hivyohivyo.

Halafu mwambie. Yeye amechinja mbuzi maisha yake yote. Analijua ini zima na ini lenye madoa kuliko wanafunzi wako wa mwaka wa tatu. Sema: "Mjomba, sukari inashuka kweli, hukunidanganya, na nitaandika hivyo. Lakini panya niliowapa nyingi, ini lao lilikuwa kama la mbuzi mgonjwa. Sijui glasi yako iko upande gani. Naomba tupime pamoja, na mpaka tutakapojua naomba usiuze." Usiongeze maneno. Mwache akae nalo. Anaweza kukasirika, anaweza kunyanyuka akaenda zizini. Mngojee.

Lebo zile zisitoke, kwa upendo wote. Utafiti umefanyika, ni kweli, ila lebo inasema jambo ambalo utafiti haukusema. Mlipie gharama ya kuchapisha kama unaweza. Ada yako ilikuwa kubwa kuliko hiyo.

Kwa wateja walionunua tayari, mjomba ana njia ambayo mimi na wewe hatuna, maana wanamwamini. Awaambie mwenyewe: mwenye macho ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, mwili kuwasha, kichefuchefu kisichoisha au maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, aache dawa na aende hospitali siku hiyohiyo, na amtajie daktari kwamba alikunywa mitishamba bila kuona haya. Na asiyekuwa na dalili asiache dawa zake za hospitali. Mganga anayewaita wateja wake kuwaonya hapotezi jina Mpwapwa. Isitoshe, huo ni mji ulioupa nchi hii aina ya ng'ombe kutoka kwenye kituo chake cha utafiti wa mifugo. Watu wa kwenu wanajua kwamba kitu kizuri hupimwa vizazi kadhaa.

Msaidie pia kujisajili Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya mwaka 2002, kama bado. Dawa yenyewe ipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ikapimwe. Kwenye makala, mshukuru kwa jina kama ataridhia, na muulize kabla. Jina la kijiji na pori halisi usiliweke wazi mpaka mkubaliane, na kabla hujachapisha zungumza na ofisi ya chuo inayoshughulikia haki za ubunifu, maana ukishachapisha mlango wa hataza, yaani haki ya kumiliki ugunduzi, unaweza kufungwa. Akija mtu na fedha za kuendeleza mti ule, mjomba awe kwenye meza hiyo, kwa maandishi, tangu siku ya kwanza. Hilo ni deni lako kwake.

Ile fimbo uliyoisema, mwanangu, sidhani alikuchongea ili uende kusema anachotaka kusikia. Alisema wasomi waone kwamba "sisi si waongo". Nadhani alimaanisha na wewe.

Ukishapima zile glasi tano, niandikie gramu zake. Nitazisubiri.